Uzi: Maneno ya Kiingereza ambayo waongoza watalii wa Moshi na Arusha tunayachanganya, na tofauti zake zilipo

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Moshi. Ninafundisha Kiingereza kwa vijana wanaojiandaa kuwa waongoza watalii. Wengi wao wameshapanda mlima mara nyingi wakiwa wapagazi, kwa hiyo njia za Machame na Marangu wanazijua kuliko mimi. Shida yao si sarufi. Wanaongea vizuri na wageni wanawaelewa, lakini zipo jozi za maneno ambazo wamezishika kana kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu kamusi imeziwekea neno moja la Kiswahili. Nimeona nifungue uzi huu tuzichambue, hasa zile ambazo mwongozaji hawezi kumaliza siku ya kazi bila kuzitamka. Msimamo wangu nautanguliza: katika jozi za aina hii tofauti hukaa katika kitu chenyewe, yaani jinsi kilivyoota, kilivyotokea au kinavyofanya kazi, na mwenye kukijua kitu hana haja kubwa ya kukariri maneno.

Naanza na pembe. Kiswahili kinasema pembe za ng'ombe, pembe ya kifaru na pembe za ndovu, na mnyama wa Ulaya mwenye matawi kichwani naye tukimwona kwenye picha tunasema ana pembe. Kiingereza kimegawa eneo hilo mara tatu: "horn", "antler" na "tusk". "Horn" ya nyati au ya swala ina mfupa ndani, na juu ya mfupa kuna ganda gumu la dutu ileile inayotengeneza kucha na nywele zetu. Kwa wanyama wetu haitoi matawi wala haidondoki, ikivunjika, imevunjika. "Antler" ni mfupa mtupu unaotoa matawi, unaodondoka na kuota upya kila mwaka, na wenye nao ni wale wanyama ambao Kiingereza huwaita "deer".

Hapa naomba tukae kidogo, maana kosa hili ndilo ninalolisikia zaidi. Kamusi nyingi zitakwambia kuwa "deer" ni paa au kulungu. Paa na kulungu wetu ni wa jamii moja na swala, wana "horn", na kwa Kiingereza kulungu ni "bushbuck", ambaye ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha asubuhi huna budi kumwona kando ya msitu. "Deer" si wanyama wa asili wa kusini mwa Sahara. Kijana akinyoosha kidole kwa kulungu na kusema "deer", mgeni wa kutoka Uingereza au Marekani atatikisa kichwa kwa adabu, lakini papo hapo ameshajua kwamba mwongozaji wake amejifunza mnyama huyo kwenye kamusi.

"Tusk" ni jino. Kwa tembo ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyorefuka hadi nje ya mdomo, na kwa ngiri ni chonge. Kiswahili kina majina mawili hapa, pembe za ndovu na meno ya tembo, na la pili ndilo linalokitaja kitu kwa usahihi. Kisha kuna "ivory", ambayo ni dutu yenyewe na wala si kiungo cha mnyama: tembo ana "tusks", lakini bangili ya kale iliyowekwa makumbusho imetengenezwa kwa "ivory". Kifaru ana "horn", ila yake haina mfupa ndani, ni ile dutu ya kucha kuanzia mzizi hadi ncha. Twiga naye ana vitu viwili vifupi kichwani vyenye mfupa ndani, vilivyofunikwa kwa ngozi na manyoya, na wataalamu wamevipa jina la peke yake, "ossicones". Ukimwambia mgeni "horns" za twiga hatakukatalia, lakini ukimweleza ngozi ile umempa kitu cha kuandika kwenye daftari lake.

Karibuni mchangie jozi zenu.

Mwongozaji wa Usa River

Mwalimu, ahsante kwa uzi. Mimi nina swali linalotusumbua sisi wa upande wa Arusha tunaopeleka wageni Ngorongoro. Sote tunasema kreta, vibao vinasema "crater", vipeperushi vinasema "crater". Nilipata mgeni anayesoma miamba, akaniambia mbele ya wenzake kwamba ile si "crater" bali ni "caldera". Je, tubadilishe tunavyosema?

Mwanzisha uzi

Kaka, mgeni wako alisema kweli kuhusu kitu, na wewe huna kosa kuhusu jina. "Crater" kwa maana ya volkano ni shimo la mdomo wa mlima, lililotobolewa na milipuko, na kingo zake mara nyingi ni majivu na mawe yaliyorushwa nje yakarundikana. "Caldera" haitobolewi; inaporomoka. Magma iliyo chini ya mlima ikitoka kwa wingi, chumba ilimokuwa hubaki tupu, paa lake hukosa cha kulishikilia, na sehemu ya juu ya mlima hutitia yote kwa pamoja. Ndivyo ilivyotokea Ngorongoro zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Ndiyo maana ukisimama ukingoni unaona kuta za takriban mita 600 zikishuka kwenye sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, ukubwa ambao mdomo wa kawaida wa volkano haufikii. Olmoti na Empakaai, jirani zake, nazo ni "caldera".

Jina la mahali ni "Ngorongoro Crater" na halina sababu ya kubadilishwa, kwa kuwa majina hubaki hata elimu inapoongezeka. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu waseme hivi, "the Ngorongoro Crater is actually a caldera", kisha waeleze kuporomoka kule kwa sentensi mbili. Waliopanda Kilimanjaro wana bahati zaidi, kwa sababu juu ya Kibo, kilele chake kikuu, vyote viwili vipo, kimoja ndani ya kingine: shimo pana la kileleni ni "caldera", ndani yake ipo Reusch Crater, na ndani ya hiyo lipo shimo liitwalo Ash Pit.

Ukishaingia huko, mengine yanafuata haraka. "Magma" na "lava" ni ujiuji uleule wa mwamba; ukiwa chini ya ardhi ni "magma", ukitoka nje ni "lava". Volkano nazo zina hali tatu ambazo shuleni tuliziita hai, tuli na mfu. Ol Doinyo Lengai ni "active", na mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulianza 2007. Kibo ni "dormant", kwa sababu bado kuna gesi inayofuka kule juu. Mawenzi na Shira, volkano nyingine mbili za Kilimanjaro, ni "extinct". Nimesikia watu wakiuita Meru "extinct" kwa vile umetulia, na hilo si sahihi: ulitoa majivu 1910, na kwa umri wa milima hiyo ni kama jana.

Muuguzi wa Moshi

Naomba niingie hapa, kwa sababu mmegusa mlima na mimi hupokea wanaoshushwa kutoka huko. Pembe na kreta zikichanganywa, mgeni hapungukiwi na kitu. Maneno ya ugonjwa yakichanganywa kwenye simu ya upepo usiku, uamuzi unaofanywa upande wa pili unaweza kuwa tofauti kabisa.

La kwanza ni "acute". Ugonjwa wa mlimani huitwa "acute mountain sickness", na waongozaji wengi wanadhani "acute" maana yake ni kali. Nimesoma fomu iliyoandikwa kwamba mgeni alikuwa na maumivu ya kichwa madogo, "not acute". Aliyeandika alitaka kusema hayakuwa makali, na neno lake lilikuwa "severe". Katika tiba "acute" inazungumzia muda: ugonjwa umeanza ghafla na ni wa kipindi kifupi. Kinyume chake ni "chronic", yaani wa kudumu, na ipo kweli "chronic mountain sickness" inayowapata watu walioishi miaka mingi kwenye nyanda za juu sana kama Andes. Mgeni anaweza kuwa na "acute mountain sickness" nyepesi kabisa, kichwa kinamgonga na hamu ya kula imepungua, akapumzika siku moja na kuendelea. Anaweza pia kuwa nayo katika hali ya "severe", na huyo anashuka.

La pili ni "dizzy" na "drowsy". Yanafanana kwa sauti, na redio ikikwaruza hayatofautiki kirahisi. "Dizzy" ni mwenye kizunguzungu. Anakueleza mwenyewe kwamba dunia inazunguka au kichwa kimekuwa chepesi, na ni dalili ya kawaida kule juu. "Drowsy" ni anayesinzia kupita kiasi, unamwita anachelewa kuitika, ukimwacha anarudi kulala. Mgeni aliye juu sana akiwa "drowsy", akachanganyikiwa katika majibu au akashindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, huenda ubongo umeanza kuvimba. Huyo hasubiri asubuhi. Kwa hiyo nawaomba waongozaji mkiwa kwenye redio msitegemee neno moja. Semeni anachokifanya: "he cannot walk straight", "she does not answer".

La tatu, kichefuchefu ni "nausea" na kutapika ni "vomiting", na fomu za kupima ugonjwa wa mlimani huvitaja vyote viwili kwa majina yake. "He feels like vomiting" bado ni "nausea". Kuhusu pumzi, kila mtu hupumua kwa haraka akipanda, lakini anayehema akiwa ameketi ndani ya hema ni jambo jingine, na Kiingereza chake ni "short of breath at rest". Maneno hayo mawili ya mwisho, "at rest", ndiyo yatakayomfanya daktari aulize kuhusu mapafu.

Mwanzisha uzi

Dada, mchango huu nimeunakili na kesho nausoma darasani. Naongeza jozi moja inayoungana na yako: "faint" na "collapse". Anaye-"faint" amepoteza fahamu kwa muda mfupi. Anaye-"collapse" ameanguka au ameishiwa nguvu akalala chini, na huenda fahamu anazo na anaongea. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "ameanguka" kwa wote wawili, tena aliyezoea kusikiliza ataelewa kwa sauti ya msemaji, lakini fomu haina sauti.

Mdau wa Njiro

Wakuu, kwa heshima zote, naona tunajibebesha mzigo usio wa lazima. Wageni wenyewe wengi ni Wajerumani, Wafaransa na Wahispania, na Kiingereza kwao ni lugha ya pili kama kwetu. Wao hawajui tofauti ya "crater" na "caldera". Mambo ya hospitali ninakubali, lakini mengine ni mapambo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nakuelewa, na ni kweli kwamba wageni wengi nao huchanganya. Hata hivyo, mgeni hakulipa ili asikie kile anachokijua tayari. Amemlipa mwongozaji kwa sababu huyo ndiye mwenyeji wa kitu. Mjerumani ana neno lake mwenyewe la jino la tembo na jingine la pembe ya swala, kwa hiyo ukimwambia "horn" ya tembo atajua kuna kitu kimekosewa hata kama Kiingereza chake ni cha kuungaunga.

Zaidi ya hapo, baadhi ya tofauti hizi ni za sheria. Chukua neno hifadhi. Tunasema Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na tunasema Hifadhi ya Ngorongoro, na mgeni anayetafsiriwa neno kwa neno atadhani ni kitu cha aina moja. Serengeti ni "national park": hakuna makazi ya raia wala uwindaji, na msimamizi wake ni TANAPA. Ngorongoro ni "conservation area", iliyotengwa na Serengeti 1959 kwa utaratibu wa kuwaacha wafugaji na mifugo yao waishi pamoja na wanyamapori, na ina mamlaka yake yenyewe. Mgeni akiona ng'ombe wa Wamasai wakichungwa karibu na pundamilia atauliza inawezekanaje ndani ya "park". Jibu la kweli linaanza kwa kumwambia kwamba hayuko ndani ya "park". Kisha kuna pori la akiba, "game reserve", ambako uwindaji wa kitalii wa kibali huruhusiwa. Sehemu kubwa ya Selous ilipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere 2019, uwindaji ndani ya eneo hilo haukuwa halali tena. Hilo silioni kuwa pambo.

Mwanafunzi wa utalii, Arusha

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ninachanganyikiwa na theluji na barafu. Mgeni aliniuliza kama "glaciers" za Kilimanjaro zina-"melt", nikamjibu kuwa ndiyo, "the snow is melting". Akaniambia "snow" na "glacier" si kitu kimoja. Pia mwenzangu aliwaambia wageni kwamba "sugar melts in the tea", wakacheka bila kutueleza sababu.

Mwanzisha uzi

Marahaba. Maswali yako yote mawili yanatokana na ukarimu wa Kiswahili katika neno yeyuka. Barafu inayeyuka, sukari inayeyuka. Kiingereza kinauliza kwanza kilichosababisha. Kigumu kikigeuka kuwa kimiminika kwa joto, kime-"melt". Kikisambaa ndani ya kimiminika kingine hadi kisionekane, kime-"dissolve", na sukari ndani ya kikombe cha chai imefanya hivyo. Ukiiweka sukari kwenye sufuria kavu juu ya moto, hapo ndipo ina-"melt". Kitu kilichoganda kikirudia hali yake ya kawaida, kama nyama iliyotolewa kwenye friza, kime-"thaw".

Kuhusu mlima, "snow" ni theluji inayoanguka kutoka angani, na inaweza kuanguka usiku ikawa imekwisha kabla ya saa sita mchana. "Glacier" ni theluji ya miaka mingi iliyorundikana, ikashindiliwa na uzito wake mwenyewe hadi ikawa jabali la barafu, nalo husogea polepole kufuata mteremko. Mtu akifika Uhuru wakati mlima umekuwa mweupe wote, asidhani "glaciers" zimerudi. Zilizosalia, kama Furtwängler na zile za uwanda wa barafu wa kaskazini, ni kuta za barafu zenye mistari ya matabaka. Tangu 1912 eneo lao limepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kuna neno la tatu ambalo litakuweka mbele ya wenzako. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo sehemu ya barafu haipitii hali ya maji kabisa. Inageuka mvuke moja kwa moja. Hiyo ni "sublimation", na kitenzi chake ni "sublimate". Mgeni akiuliza tena, mjibu kwamba barafu ya Kilimanjaro ina-"melt" na pia ina-"sublimate", na kwamba ndege na mpagazi watakaoonekana kwenye picha zake za kileleni huenda wamesimama kwenye "snow" ya jana.

Mwongozaji wa Usa River

Umetaja ndege, mwalimu. Kunguru wa kambini pale Barranco ni "crow" au ni "raven"?

Mwanzisha uzi

Ni "raven", na jina lake kamili ni "white-necked raven". Mtazame akiwa karibu na hema la chakula: ni mkubwa, mweusi, ana baka jeupe kisogoni, na mdomo wake ni mnene, umepinda kwa juu, ncha yake nyeupe. Kunguru wa huku mjini mwenye kifua cheupe ni "pied crow". Wote ni wa jenasi moja, na kwa ujumla Kiingereza huwapa jina la "raven" wale wakubwa wenye midomo mizito. Tofauti hii ni ya mazoea ya majina kuliko ya ukoo, na ni mojawapo ya chache ambazo ule msimamo wangu wa mwanzo hauzigusi. Hapa itabidi mkariri.

Muuguzi wa Moshi

Na nyoka je? Wagonjwa huniuliza, wageni pia.

Mwanzisha uzi

Nyoka ni "venomous", kwa sababu sumu yake huingizwa mwilini kwa jino, kama koboko au swila. "Poisonous" ni kile kinachokudhuru ukikila au ukikigusa, kama uyoga usiofaa. Kiswahili kinatosheka na sumu.

Kabla sijafunga kwa leo niseme kwamba kuna mahali Kiswahili ndicho kinachogawa vizuri. Kobe na kasa kwetu ni wawili tangu zamani, mmoja wa nchi kavu na mwingine wa baharini, ilhali Mmarekani anaweza kuwaita wote "turtle", na Mwingereza atasema "tortoise" kwa kobe. Jangili na mwindaji vilevile hatuwachanganyi. Wa kwanza ni "poacher", wa pili ni "hunter" mwenye kibali.

Mwanafunzi wa utalii, Arusha

Mwalimu, la mwisho tafadhali: sungura tunayemwona usiku kwenye taa za gari ni "rabbit"?

Mwanzisha uzi

Huyo ni "hare". Ana masikio na miguu ya nyuma mirefu zaidi, haishi kwenye shimo bali hujilaza kwenye nyasi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka. Watoto wa "rabbit" huzaliwa uchi na vipofu, ndani ya shimo. Sungura wanaofugwa kwenye vibanda hapa Moshi ndio "rabbits". Wiki ijayo nitaleta maneno ya nyani, kima, tumbili na mbega, kwa kuwa "monkey" na "ape" zinahitaji nafasi yake.